Shanta la ALICE: nunua kiunzi kwanza, mfuko utafuata

Mwulize muuza mabegi ya balo pale soko la Kenya, hapa Lubumbashi, kama ana shanta la jeshi, atakutolea chochote cha kijani. Utaona begi la shule lililotiwa rangi, utaona begi la kupandia milima lililotoka Ulaya, na siku ya bahati utaona lenyewe: shanta la ALICE la jeshi la Marekani, lenye mifuko mitatu kwa nje na kiunzi cha alumini mgongoni. Tunalizungumzia hilo, saizi ya kati, pamoja na kiunzi chake. Tunamwandikia mtu wa Lubumbashi anayekusanya vitu vya vita vya miaka ya 1970 hadi 1990, lakini ambaye hataki kitu cha kutundika ukutani tu. Anataka kikae na historia yake na bado kibebe mzigo.

Mwenye haraka asome hili kisha aende sokoni: mali iko kwenye kiunzi. Mfuko wa nailoni una umri wake, na mifuko mingi ya aina hii imeshauvuka. Kiunzi cha alumini ambacho hakijapinda wala kulegea kitafanya kazi miaka mingi ijayo, kikiwa na mfuko wake wa asili au kikiwa na bidoni ya maji, sanduku la vifaa au betri ya sola. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Wanapapasa mfuko, wanahesabu vifungo, wanafurahia rangi, halafu wanafika nyumbani na kiunzi chenye ufa kwenye kona ya chini, na hapo hela imekwisha potea.

ALICE ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vifaa vyepesi vya kubebea vya askari mmoja, vya kila kazi. Mpango huo ulipitishwa tarehe 17 Januari 1973, siku kumi kabla ya mkataba wa Paris wa kusitisha vita vya Vietnam kutiwa saini, na somo la Vietnam limeshonwa ndani yake. Vifaa vya turubai la pamba vilikuwa vikinyonya maji, vikizidi uzito, na kuoza kwenye unyevu. Nailoni haiozi hivyo na hukauka upesi, ndiyo maana shanta lote, mikanda yote na hata nyuzi ni nailoni. Askari wa Marekani walikwenda nalo Grenada 1983, Panama 1989, Ghuba 1991 na Somalia 1992 na 1993. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mfumo mpya wa kubebea vifaa, uitwao MOLLE, ukaanza kuchukua nafasi yake, na ghala za jeshi zikaanza kuyatoa yale ya zamani. Ndiyo sababu yanapatikana hadi leo, na ndiyo sababu hata lililo changa kati ya hayo si changa tena.

Saizi ni mbili. La kati lina mifuko mitatu ya nje na hubeba kama lita 38. Jeshi liliweka ukomo wake kwenye ratili 50, yaani kilo 23 hivi. Kubwa lina mifuko sita, mitatu mikubwa chini na mitatu midogo juu yake, na ukomo wake ni ratili 70, kama kilo 32. La kati unaweza kulivaa bila kiunzi, mikanda ya mabega ikifungwa moja kwa moja kwenye pete za mfuko. Kubwa bila kiunzi halivaliki. Kwa mji huu tunapendekeza la kati. Kubwa humvuta mtu alijaze, na likijaa mikanda yake ya mabega, ambayo ni myembamba, hukata mabega kabla hujafika mbali.

Kabla ya kugusa chochote, soma lebo. Iko ndani ya mfuko, au chini ya kifuniko, na maandishi yake yamepigwa kwa wino mweusi juu ya kitambaa. Tafuta namba mbili. Ya kwanza ni namba ya bohari, tarakimu 13 zilizogawanywa nne, mbili, tatu, nne. Nne za mwanzo za shanta ni 8465, ambalo ndilo kundi la vifaa vya askari binafsi. Mbili zinazofuata zinataja nchi: 00 au 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 13 Ubelgiji, 14 Ufaransa, 99 Uingereza. Ukiijua hesabu hii utasoma lebo ya karibu kifaa chochote cha nchi za NATO, siyo shanta peke yake. Namba ikiwa ya tarakimu 11, kitu hicho kimetoka kabla mfumo haujabadilishwa mwaka 1974. Vitu vya Ubelgiji vilivyo vikongwe zaidi mara nyingi vina mhuri wa ABL, yaani jeshi la Ubelgiji, na mwaka pembeni, basi.

Namba ya pili ni ya mkataba wa kiwanda, na hii ndiyo inayokupa mwaka. Huanza na DSA100 au DLA100, kistari, kisha tarakimu mbili. DLA100-84 ni mkataba wa mwaka wa bajeti wa 1984, na mwaka huo wa bajeti wa Marekani huanza Oktoba ya mwaka uliotangulia. Shirika la ugavi la jeshi la Marekani lilibadilisha jina kutoka DSA kuwa DLA Januari 1977, kwa hiyo herufi zenyewe tu zinakutenganishia la mwanzo na la baadaye. Yale ya miaka ya 1990 hubeba SPO100.

Hapa kwetu namba hiyo ina kazi ya pekee. Kila kitu cha kijani kinachouzwa Katanga kina mdomo wake: "Papa, hii ni ya Kolwezi, ya 78 hii!" Vita vya Kolwezi vilikuwa kweli, tena vikubwa. Tarehe 19 Mei 1978 kikosi cha miavuli cha 2e REP cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa kiliruka juu ya mji kikitumia miavuli ya Kimarekani ya T-10 iliyotoka kwa jeshi la Zaire, na kesho yake wakatua makomando wa Ubelgiji. Lakini shanta lenye DLA100-86 halikuwa limeshonwa siku hiyo. Muuzaji hadanganyi kwa ubaya kila mara, amepokea hadithi pamoja na balo. Mwonyeshe tarakimu kwa heshima, mwambie "Papa, angalia, huyu amezaliwa 86," na bei ya hadithi itashuka. Na likiwa na DSA100-75 usiruke kwa furaha bado. Mwaka unakuambia lilitengenezwa lini. Lilipita wapi, lebo haisemi, na asiye na karatasi au picha ya kuthibitisha asilipie Kolwezi.

Sasa kiunzi. Anza na sumaku, hata ile ya spika mbovu inatosha. Kiunzi halisi ni alumini na sumaku haishiki kwenye mabomba wala kwenye bapa zake. Ikishika, hiyo ni nakala ya chuma iliyotengenezwa kwa maduka ya kiraia. Ni nzito na huota kutu ndani ya bomba ambako huoni. Sumaku ikishika bizimu usiogope, bizimu za chuma ni za kawaida hata kwenye shanta halisi.

Kiinue usawa wa macho ukitazama kutoka juu kwenda chini. Bomba la juu na la chini ziwe sambamba. Kiunzi kilichojipinda mithili ya propela hakinyooki tena, maana alumini hiyo ukiirudisha ilikotoka hupasuka. Halafu ribiti, zile pini zinazoshikilia vipande vya kiunzi pamoja. Kila moja ishike kwa gumba na kidole cha shahada ujaribu kuizungusha. Ribiti nzima haisemi kitu. Ile inayocheza utaijua hata kabla ya kuigusa, kwani imezungukwa na pete ya unga wa kijivu unaoelekea weusi, kama moshi wa kibatari ulioganda. Huo ni alumini iliyosagika kwa kusuguana. Ufute kwa kitambaa, tikisa kiunzi mara ishirini kwa nguvu, tazama tena. Unga ukirudi, ribiti hiyo imekufa. Moja au mbili zinatengenezeka. Nne upande mmoja, liache.

Ufa huanzia karibu kila mara mahali pamoja: kona za chini, bomba linapokunja, kwenye tundu la ribiti. Sababu ni kwamba watu hulitupa shanta lililojaa chini na kona ndizo zinazopokea. Ufa mchanga hauonekani kwa macho. Chukua mafuta ya taa, paka kona, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke kabisa, kisha pitisha chaki ya ubaoni juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari wa giza kwenye chaki. Muuzaji mwenye haraka hatakubali ukae dakika kumi. Mwachie amana kidogo ukae pembeni ya meza yake. Anayekataa kabisa amekwisha kukujibu.

Ribiti iliyokufa usimpelekee fundi wa kuchomelea chuma. Fimbo yake ya kawaida haishiki alumini, na kitakachofuata ni kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti za chuma. Chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na masika mawili yanatosha kupanua tundu. Nenda kwa wale wanaotengeneza madirisha na milango ya alumini. Wana bunduki ya ribiti na ribiti za alumini zenyewe. Omba za milimita 4.8, na tundu litobolewe kwa kekee ya 4.9 au 5. Kichwa cha ribiti ya zamani kitobolewe katikati polepole, kisipigwe patasi, kwa sababu patasi hupindua bapa. Kama tundu limekuwa duara la yai, bolti ya chuma kisichoota kutu ya milimita 6 itafaa, ila weka pande zote mbili washa zilizokatwa kwenye plastiki ya bidoni ya zamani ili metali mbili zisigusane.

Mwisho, mto wa mgongo wa chini na mkanda wa kiuno. Vile vya toleo la LC-1 vina mkanda mwembamba. LC-2 ilileta mto na mkanda wa kiuno vilivyo vipana zaidi, na kwa mzigo wa kweli tofauti ni kubwa, kwa hiyo ukipata nafasi ya kuchagua chukua LC-2. Mkanda unaoshikilia mto huo lazima ukazwe kama ngozi ya ngoma. Ukilegea, bomba la chini linakuja kugonga mfupa wa nyonga kila hatua, na watu hulaumu shanta kwa kosa la mkanda. Mkanda wa bega la kushoto una kifungulio cha haraka. Weka kilo kumi ndani, vaa, vuta. Usipofunguka vumbi limeingia, na ukijifungua wenyewe meno yake yameisha.

Tukija kwenye mfuko, adui ni mmoja na jina lake ni utando. Nailoni yenyewe ni imara, lakini upande wa ndani umepakwa poliyurethani ili kuzuia maji, na utando huo huvunjwa taratibu na unyevu wa hewa. Haijalishi kama shanta lilitumika au lilikaa ghalani. Lililofungiwa ndani ya balo la plastiki miaka mingi linaweza kuwa baya kuliko lililotembea. Ingiza mkono mpaka chini, bana vitambaa viwili pamoja kwa hesabu ya kumi, achia. Vikiachana bila sauti, utando uko hai. Vikitoa mlio wa gundi, umeanza kuoza. Ukitoa mkono wenye magamba meupe kama ya samaki, umekwisha. Pua pia inajua: utando unaokufa una harufu ya matapishi, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni ya unga.

Mahali pa pili ni mfuko mdogo wa juu mgongoni ambao huvalishwa kichwa cha kiunzi. Pembe zake mbili husagwa na bomba. Karibu kila shanta lililotumika lina tundu hapo, na wauzaji hulining'iniza shanta kwa namna ambayo mgongo hauonekani. Mwombe alitoe kwenye kiunzi kabisa. Tundu dogo kuliko sarafu ni kazi ya fundi viatu ya saa moja: kiraka cha ngozi laini ndani na nje, uzi wa nailoni uliopakwa nta, mishono miwili sambamba. Uzi wa pamba usikubali, utaoza ukiwa umezungukwa na nailoni nzima. Vuta pia mishono ya pete za mabega kwa vidole viwili. Jua la miaka hula uzi kabla ya kitambaa, na uzi ulioliwa hukatika kwa sauti ndogo ya kukauka.

Mengine ni madogo. Kibano cha kamba ya mdomo huvunjika mara kwa mara, na cha koti lolote la mvua kinakaa badala yake. Velkro ya mfuko wa ramani kwenye kifuniko ikiwa imejaa nyuzi, chana kwa brashi ya waya. Vitundu vya kutolea maji kitakoni viwe na pete zake za metali. Nakala nyingi hazina vitundu hivyo, na bizimu zake ni za plastiki inayong'aa.

Usafishaji hufanywa siku moja, kiangazi. Toa kiunzi. Beseni la maji ya vuguvugu lita 15, vijiko viwili vya sabuni ya maji, brashi laini, anzia ndani kisha nje. Vumbi letu jekundu hukaa kwenye vifungo vya kubana na kuvifanya vigumu. Vipige mswaki mkavu kabla ya maji, na vikikauka visugue kwa penseli, risasi yake hulainisha. Harufu ikibaki, loweka nusu saa kwenye maji mapya yenye gramu 100 za bikaboneti ya soda, suuza mara tatu, tundika kivulini mdomo chini. Javeli hapana, hula nailoni na rangi pamoja. Jua kali hapana. Pasi hapana. Kwa utando uliokwisha kufa, usijaribu kuupaka kitu juu. Uondoe: kitambaa chenye alkoholi ya kusafishia vidonda, paka sehemu ndogo, subiri utando uvimbe, uviringe kwa brashi ngumu. Ni kazi ya jioni mbili au tatu, dirisha likiwa wazi. Baada ya hapo mfuko hauzuii maji tena, lakini ukweli ni kwamba haukuwahi kuyazuia vizuri. Askari wenyewe walikuwa wakitia mfuko wa pili usiopitisha maji ndani yake. Gunia zito la nailoni la ndani, lililokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa, litakufikisha kutoka Katuba hadi katikati ya mji katika mvua ya Januari nguo zikiwa kavu.

Sasa raha yake. Ndani ya mfuko mkuu, upande wa mgongo, kuna mfuko wa redio. Ulishonwa kwa ajili ya redio kama PRC-77, yenye kilo sita hivi na betri yake. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 7 inaingia humo na inakaa mahali pazuri kuliko pote, juu na karibu na uti wa mgongo. Vitu vizito vikikaa hapo, mwili husimama wima. Ukiviweka kwenye mifuko ya nje shanta linakuvuta nyuma na unalipia kwa shingo. Mifuko ya nje iachie vyepesi, kama waya, koleo, chakula.

Na bila mfuko kabisa, kiunzi kinabeba maji. Jeshi lilikitengenezea rafu ya alumini na mikanda miwili ya mizigo, kwa masanduku, redio na makopo ya maji ya galoni tano. Ukiipata rafu, inunue hata kama bei inauma, ni adimu kuliko kiunzi. Bidoni ya manjano ya lita 20 ikijaa ina kama kilo 21, ndani ya ukomo. Ijaze hadi mdomoni, maana maji yanayocheza hukuyumbisha. Weka upande mpana kwenye kiunzi, mshikio juu, na katikati yake vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli ili isiteleze. Mkanda wa kwanza theluthi moja kutoka chini, wa pili upite ndani ya mshikio. Mikanda izunguke mabomba ya wima, isipite juu ya mto wa mgongo. Inua ukiwa umechutama, mzigo juu ya ukuta mfupi au ngazi, mabega kwanza kisha mkanda wa kiuno. Anayepanda ngazi za ghorofa tatu na maji siku ambayo bomba halitoi ataelewa kwa nini tunakisifu kiunzi hiki.

Kasoro zake tusizifiche. Kiunzi kina saizi moja, hakirefushwi. Mtu mfupi, tuseme chini ya mita 1.60, mkanda wa kiuno utamkalia chini ya nyonga na hautabeba kitu. Kinalia kikikauka, na dawa ni kuzungushia mpira wa baiskeli pale mabomba yanapogusana na pete. Nyuma ya pikipiki ni balaa: bomba la chini linagonga kiti na kukusukuma mbele kwa dereva. Lifunge kwenye keria.

Jambo la rangi ni zito kuliko hayo yote. Katika nchi yetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala za polisi, na kwenye kizuizi cha usiku hakuna anayesoma lebo yako. Mashanta ya ALICE ya kijani kisicho na mabaka ni mengi. Yapo pia ya mabaka, na hayo yaache, uzuri wake wowote. Hata la kijani tupu usilivae na suruali ya kijani na buti nyeusi, na usiliache na jina au namba ya kikosi iliyopakwa rangi. Anayelitumia kila siku, badala ya kulihifadhi, afadhali alitie rangi ya kahawia. Rangi ya nguo ya nailoni inashika vizuri kwenye maji yaliyo karibu kuchemka, lakini utando ulio hai utaharibika na thamani ya mkusanyaji itakwisha. Kwa hiyo rangi ni kwa mifuko ambayo utando wake umekwisha toka. Usinunue chochote kinachoonekana kimetoka kwa askari aliye kazini, wa nchi au wa Umoja wa Mataifa. Hicho si kitu cha zamani, ni mali ya wizi. Na ganda la kombora, fyuzi au "bomba tupu" la kuwekea maua lisiingie nyumbani mwako hata likipewa bure, hata fundi akiapa kuwa limekufa.

Bei igawanye kichwani kabla ya kubishana. Shanta kamili likiwa na thamani ya tatu, mbili ni za kiunzi chenye mikanda yake, moja ni ya mfuko. Utando ukiwa umekufa toa nusu ya hiyo moja. Ribiti mbili zikicheza toa gharama ya fundi na nauli yake. Kiunzi chenye ufa kina thamani ya alumini chakavu, uzito kwa uzito, na mfuko mzuri ulioshikamana nacho usikulegeze. Ukikuta kiunzi peke yake bila mfuko, ambacho muuzaji hajui hata ni cha nini, hapo ndipo pa kununua bila kuonyesha meno.

Anayetaka kuongeza kitu pembeni aanze na chupa ya maji ya plastiki ya robo galoni, lita 0.95, na kikombe chake cha chuma kisichoota kutu kinachovaa chupa kwa chini. Kikombe hupika uji. Chupa imeandikwa ubavuni isikaribishwe motoni. Kifuko chake kina manyoya ya bandia ndani: ukiyalowesha, maji yanabaki baridi mchana mzima wa Oktoba. Dira za miaka ya 1980 na 1990 zina tritiamu, gesi ya mionzi inayozifanya zing'ae gizani, ambayo hupungua nusu kila miaka 12.3, kwa hiyo ya 1990 haing'ai tena kama alivyokuambia muuzaji. Usiifungue kutafuta sababu.

Kuhifadhi: kiunzi na mfuko vitenganishwe. Mfuko ujazwe magazeti, ukae wazi mahali penye hewa, usifungiwe ndani ya plastiki, usikunjwe, kwa sababu utando hufa kwanza kwenye mikunjo. Wino wa lebo hufifia kila ukiosha. Ipige picha na uiandike namba yote kwenye daftari siku ileile ya kununua, kabla tone la maji halijagusa kitambaa.